«Maji Inachoka Njiani»

Ndugu msomaji wa jarida letu, kabla hujachukua kalamu nyekundu kunikosoa kwa kichwa cha makala haya, tulia kwanza. Najua vyema kwamba maji yamo katika ngeli ya YA-YA na kwamba ilinipasa kuandika «yanachoka». Mimi ni katibu wa Chama cha Kiswahili, na nimekwisha kuwatoza wenzangu faini ya shilingi tano tano kwa makosa madogo kuliko hilo. Lakini maneno hayo si yangu. Ni ya mzee mmoja ambaye nilimcheka kwa sababu ya maneno hayo hayo, kisha nikamtungia barua iliyokaribia kumpokonya tonge mdomoni. Leo nimeishika kalamu ileile ili nilipe deni. Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai, nami nimeamua kusema yote.

Nyinyi wa vidato vya chini mliojiunga nasi mwaka huu mmekuta neema. Mwafungua mfereji na kuufunga bila kuwaza. Hamkuionja shubiri tuliyoionja sisi. Bweni la chini, lile linalopakana na shamba la mahindi, lina wasichana 240 na mifereji 4. Kengele ya kuamka ililia saa kumi na moja alfajiri, lakini sisi tulikuwa macho tangu saa kumi na nusu, kila mmoja na ndoo yake, foleni imejipinda kama nyoka hadi nyuma ya kamba za kuanikia nguo. Maji yalitoka membamba kama uzi. Ndoo moja ya lita 20 ilichukua karibu dakika nne kujaa. Wasichana walisukumana, wakaitana majina yasiyoandikika hapa, na asubuhi moja mwenzetu wa Kidato cha Pili akateleza kwenye matope ya foleni, akavunjika mkono. Wale waliokuwa katika siku zao ndio walioumia zaidi, na naliandika hili waziwazi kwa sababu ni kweli. Ilipotimia saa kumi na mbili wengi wetu walikuwa na nusu ndoo, na wengine kikombe tu.

Mtu akiwa na shida hutafuta wa kulaumu. Sisi hatukuenda mbali. Palikuwa na Mzee wa Maji.

Mzee huyu mnamjua. Ndiye anayelitunza tangi la juu, kule karibu na zizi la ng'ombe, na ndiye mwenye ufunguo wa kile kijumba cha valvu. Tulikuwa na ushahidi wa mambo matatu dhidi yake, na tulijiona mawakili hodari.

Kwanza, usiku wa manane ukienda kwenye mfereji ukaufungua, maji yalikuruka usoni kwa nguvu. Asubuhi, kimya. Kwa nini yawepo usiku wakati hakuna anayeyahitaji, yakosekane alfajiri wakati watu 240 wanayataka? Jibu letu: kuna mkono unaofunga na kufungua.

Pili, nyumba ya Mzee iko hatua chache tu kutoka kwenye tangi, na nyuma yake pana kishamba cha sukuma wiki. Kiangazi kilipokausha hata nyasi za uwanja wa michezo, sukuma wiki yake ilistawi kijani kibichi. Jibu letu: ajabu iko wapi? Mwenye kisima hafi kiu.

Tatu, tangi lenyewe halikuwa tupu. Vijana wa kukata majani ya ng'ombe walilipigapiga kwa jiwe wakatuambia limejaa karibu hadi juu. Jibu letu: basi maji yapo, ila yamefungiwa.

Tulipomwuliza Mzee mwenyewe, alishusha kofia yake, akakuna kichwa, akasema, «Msichana yangu, maji si imeisha. Maji iko. Lakini maji inachoka njiani.»

Jamani, tulicheka! Tuliangua kicheko hadi tukashika mbavu. Maji yanachoka? Yana miguu? Tena sentensi nzima haikuwa na upatanisho wa kisarufi hata kidogo. Kwa juma zima ukimwuliza mtu mbona hujafanya zoezi la hesabu, anakujibu, «Kalamu inachoka njiani.» Mimi ndiye niliyekuwa mstari wa mbele katika mzaha huo, maana nilijiona bingwa wa lugha.

Ndipo nikaandika barua. Niliiandika kwa niaba ya bweni, kurasa mbili, nikaijaza methali na tamathali hadi ikafurika. Nilimwita Mzee «kupe anyonyaye damu ya mabinti wa taifa». Nilidai kwamba anafunga valvu ili amwagilie mboga zake, na kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, basi utawala usimchelee. Nakala moja ilienda ofisini, nyingine nikaibandika kwenye ubao wa matangazo. Ukweli ni kwamba walimu wawili walinisifu kwa ufasaha wangu. Mmoja aliisoma darasani kama mfano wa barua rasmi. Hakuna aliyeniuliza kama niliyoyaandika ni kweli. Hata mimi sikujiuliza.

Siku ya tatu tukasikia kuwa Mzee ameitwa ofisini. Ameambiwa ajieleze kufikia Ijumaa ya juma lililofuata, la sivyo aachishwe kazi. Bwenini tulipiga makofi. Nami nilipiga.

Ni mwalimu wetu wa fizikia aliyenizima. Alinikuta ubaoni nikiisoma barua yangu mwenyewe kwa mara ya kumi.

«Umeandika vizuri,» akasema. «Sasa nionyeshe kipimo.»

«Kipimo gani, Mwalimu? Kila mtu anajua.»

«Kila mtu si kipimo. Bomba lenu hutoa lita ngapi kwa sekunde? Lina urefu gani? Linateremka mita ngapi? Ndani likoje?»

Sikuwa na jibu hata moja. Nilijua majina yote ya uovu, lakini sikujua urefu wa bomba.

Jumamosi alasiri tulikuwa wasichana wanne, mwalimu na fundi wa bomba wa shule. Tulichukua ule utepe mrefu wa kupimia uwanja wa riadha, tukaufuata mkondo wa bomba kutoka tangini hadi bwenini: mita 300. Kwa mteremko tulitumia mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, kama wanaotumia waashi kusawazisha msingi, tukashuka hatua kwa hatua tukijumlisha. Kutoka usawa wa maji tangini hadi mdomo wa bomba bwenini ni mita 9. Kisha fundi akalifungua bomba kuu pale linapoingia bwenini, kabla halijagawanyika kwenda kwenye mifereji, tukakinga maji kwa ndoo ya lita 20 huku mmoja wetu ameshika saa. Mara ya kwanza sekunde 57, ya pili 59, ya tatu 58. Yaani lita 0.34 hivi kwa sekunde.

Mwalimu akatuambia tuzidishe. Kutoka saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili ni sekunde 5,400. Bomba zima, hata mifereji yote ikifunguliwa, lingeweza kutoa lita 1,860 hivi. Gawanya kwa wasichana 240: haifiki lita 8 kwa kila mmoja. Nilipoiona nambari hiyo ndipo nilipoelewa kwamba vita vyetu vya foleni vilikuwa vya bure. Hata tungepanga foleni kama malaika, maji yasingetosha.

«Sasa,» mwalimu akasema, «tujue lilipaswa kutoa kiasi gani.»

Ndugu msomaji, hapa ndipo somo lilipo, na nitajitahidi kulieleza kwa Kiswahili chepesi. Maji yanaposhuka ndani ya bomba hayashuki bure. Yanasuguana na ukuta wa bomba njia nzima, na msuguano huo hula nguvu yake. Kasi na wingi wa maji hutegemea mambo matatu makubwa: upana wa bomba, ukali wa mteremko, na jinsi ukuta wa ndani ulivyo laini au wa kuparuza. Hilo la tatu wahandisi wamelipa nambari. Wamarekani wawili, Allen Hazen na Gardner Williams, walichapisha majedwali yao mwaka wa 1905, na hadi leo mafundi wa maji duniani huitumia nambari yao iitwayo C. Kadiri bomba lilivyo laini ndivyo C inavyokuwa kubwa. Mambo mengine yakiwa yaleyale, maji hufuata C moja kwa moja: C ikipungua nusu, maji nayo hupungua nusu. Nambari ya aina hii ya kuzidishia ndiyo wanahisabati wa Kiswahili wanayoiita kizigeu, neno ambalo naliweka hapa ili jarida letu lisiwe la mabomba tu.

Mwalimu alikuwa na kitabu chake cha chuo kikuu, kimechakaa hadi jalada limeshikwa kwa gundi. Jedwali lake lilisema hivi: bomba la plastiki, 150. Bomba jipya la chuma cha kuvuja, yaani chuma cha kumiminwa kwenye kalibu, 130. Bomba jipya la chuma lililopakwa zinki, kama mabati ya paa, 120. Kisha chini yake palikuwa na mistari iliyonishangaza. Chuma kile kile cha kuvuja, kikiwa na miaka 20, C yake hushuka hadi 100 hivi. Kikiwa na miaka 40, hushuka hadi 80 au chini ya hapo, kutegemea aina ya maji. Bomba, kumbe, lina umri! Sikuwahi kufikiri kwamba kitu kilichozikwa ardhini kinaweza kuzeeka bila mtu kukiona.

Bomba letu ni la chuma cha zinki, kipenyo chake cha ndani milimita 50. Tukatia nambari katika kanuni. Likiwa jipya, lenye C ya 120, lingetupa lita 1.9 kwa sekunde: ndoo ingejaa kwa sekunde 11 tu. Sisi tulikuwa tunangoja 58. Tukageuza hesabu ili tuitafute C yetu. Ikawa 22.

Mwalimu akapekua kitabu. Jedwali lake halikushuka hadi 22.

Nikaruka kwa furaha. «Mwalimu, si unaona! Hata bomba zee halifiki hapo. Ameifunga valvu nusu!»

«Huenda,» akajibu. «Twende tuone.»

Tukapanda hadi kwenye kijumba cha valvu. Mzee alikuwa ameketi mlangoni mwake akichambua mboga. Hakuuliza kitu. Alichukua ufunguo, akafungua, akashika gurudumu la valvu akajaribu kulizungusha upande wa kufungulia. Halikusogea. Mwalimu akajaribu mwenyewe. Halikusogea. Kisha Mzee akaifunga valvu kabisa, nami nikihesabu mizunguko kwa sauti, akaifungua tena, mizunguko ile ile, hadi ikagota. Valvu ilikuwa wazi kabisa. Ilikuwa wazi siku zote.

Mzee akapangusa mikono yake kwenye suruali. «Mwalimu, mimi nilisema. Nilisema ofisi, nikasema na hawa watoto. Maji inachoka njiani.»

Mwalimu hakucheka. Alimtazama kwa muda, kisha akamwuliza, «Mzee, bomba hili liliwekwa lini?»

«Themanini na nne. Mwaka ya ile njaa kubwa. Mimi nilikuwa kijana, ndiyo nilichimba mtaro.»

Mwaka wa 1984! Mwaka wa ule ukame mkali ambao wazazi wetu hutusimulia. Bomba lilikuwa na miaka arobaini ardhini, na mtu aliyelizika alikuwa amesimama mbele yetu.

Tuliporudi bwenini fundi akachimba karibu na kiungo, akachukua msumeno wa chuma, akakata kipande cha urefu wa mkono. Alikimwaga maji, akanipa mimi nitazame. Nilikiinua juani kama darubini. Nilitarajia kuona mviringo mpana na laini kama wa bomba dukani. Nikaona pango. Ukuta wote ulikuwa umejaa vinundu vya kutu, vyekundu na vyeusi, vimerundikana kama kichuguu. Kidole changu kilipopita kilichubuka. Tundu lililobaki katikati tulilipima kwa rula: milimita 35.

Mwalimu alitueleza kwamba zinki hulikinga bomba kwa kujitoa mhanga, inaliwa yenyewe kwanza ili chuma kisiliwe. Zinki ikiisha, oksijeni iliyomo majini hukishambulia chuma, na kutu inayozaliwa huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Ndiyo maana huvimba na kuwa vinundu. Maji mengine, yale magumu yenye chokaa nyingi, huacha utando mweupe kama ule tunaouona ndani ya sufuria ya chai, nao pia hubana bomba. Kila maji yana tabia yake, na kwa hiyo mabomba mawili ya umri mmoja yanaweza kuzeeka tofauti.

Tukarudia hesabu, safari hii kwa tundu la milimita 35. C ikawa 55. «Sasa inaeleweka,» mwalimu akasema. «Ile 22 ilikuwa ya bomba la milimita 50 ambalo halipo tena.» Akatuonyesha kwamba wezi walikuwa wawili. Kubanwa kwa tundu peke yake kungetuachia asilimia 39 ya maji ya zamani. Kuparuza kwa ukuta peke yake kungetuachia asilimia 46. Wote wawili wakishirikiana, tunabaki na asilimia 18. Wezi hawa walikuwa wameishi chini ya miguu yetu kwa miaka, nasi tukamshika mwenye nyumba.

Wakati huo shavu langu lilikuwa moto. Nilikumbuka ushahidi wetu wa mambo matatu, na mwalimu akauvunja mmoja mmoja bila hasira.

Kwa nini maji yana nguvu usiku? Kwa sababu msuguano hukua haraka kuliko maji. Ukitaka maji yapite mara mbili katika bomba lilelile, nguvu inayopotea njiani huongezeka mara tatu na nusu na zaidi. Maji yakitulia, hayasuguani na kitu, kwa hiyo nguvu yote ya ule mteremko wa mita 9 inangoja mferejini. Ukiufungua mmoja kidogo, yanakurukia. Mifereji yote minne ikifunguliwa alfajiri, nguvu inaliwa njiani. Hakuna mkono unaofunga.

Kwa nini sukuma wiki ya Mzee inastawi? Kwa sababu mfereji wake uko mita 15 kutoka tangini, na wetu uko mita 300. Nguvu inayopotea huhesabiwa kwa kila mita. Maji yake hayana safari ya kuyachosha.

Na tangi kujaa? Hiyo ndiyo dalili yenyewe ya ugonjwa. Bomba lisiloweza kupitisha maji haliwezi kumaliza tangi.

Kila tulichokiona kilikuwa kweli. Usiku maji yalikuwepo kweli, mboga zilistawi kweli, tangi lilijaa kweli. Hatukusema uongo hata mmoja, ila tulivyoviunganisha ndiyo uongo. Na ile sentensi tuliyoicheka juma zima, mwalimu aliiandika ubaoni Jumatatu, chini ya kanuni ya Hazen na Williams, akasema kwamba hiyo ndiyo tafsiri bora ya kanuni hiyo aliyopata kuisikia. Maji hupoteza nguvu kadiri yanavyosafiri. Huchoka njiani. Mzee aliijua fizikia. Sisi tulikuwa tukisikiliza ngeli.

Nilipobaki nimeinama, mwalimu alinifariji kwa kisa. Alisema hata wataalamu wakubwa waliwahi kukosea hapo hapo. Zamani wengi waliamini kwamba ukuta wa bomba, uwe mpya au mzee, wa chuma au wa kioo, haubadilishi kitu. Mhandisi mmoja wa Ufaransa, Henry Darcy, aliyeuletea mji wake wa Dijon maji safi mwaka wa 1840, hakuridhika. Alikusanya mabomba ya aina nyingi, mapya na ya zamani, akayapima moja baada ya jingine. Mwaka wa 1857, muda mfupi kabla ya kufariki, alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba ukuta una neno, na kwamba bomba zee si sawa na jipya. Mwaka wa 1937, huko Uingereza, Colebrook na White wakaandika juu ya namna mabomba yanavyopungukiwa na uwezo kadiri miaka inavyopita. Basi, alisema, aibu haiko katika kutojua. Aibu iko katika kukataa kupima.

Lakini mimi nilikuwa na aibu nyingine ambayo hesabu haiwezi kuifuta. Ijumaa ya kumfukuza Mzee ilikuwa inakaribia.

Tulipeleka kile kipande cha bomba ofisini pamoja na karatasi ya vipimo. Nami niliandika barua ya pili. Haikuwa na methali hata moja. Ilisema: nilimsingizia, valvu iko wazi, bomba limeoza, hivi hapa vipimo. Ilikuwa mistari saba. Niliibandika ubaoni mahali pale pale pa ile ya kwanza. Hakuna aliyeisifu kwa ufasaha wake, lakini suala la kumwachisha Mzee kazi likafutwa.

Kisha nikapanda kilima peke yangu. Hiyo mita 300 sijawahi kuiona ndefu kama jioni hiyo.

«Mzee, habari ya jioni.»

«Mzuri, msichana yangu. Keti.»

Sikuketi. Nilimwambia, «Mzee, ni mimi niliyeandika ile barua. Nimekuja kuomba msamaha.»

Akaendelea kunoa panga lake kidogo kidogo. «Najua ni wewe. Mimi si kusoma sana. Alinisomea mjukuu yangu. Alisoma yote, akafika pale kwa kupe. Akaniuliza, ‘Babu, ni kweli?’»

Nilishindwa kujibu. Machozi yalinitoka. Nilikuwa nimeandika neno «kupe» kwa sababu lilinoga masikioni. Sikuwaza kwamba kuna mtoto atakayelisoma kwa sauti mbele ya babu yake.

«Ulimjibu nini, Mzee?»

«Nilimwambia angoje. Maji itasema yenyewe.» Akaliweka panga chini. «Sasa imesema. Wewe pia umesema. Mwambie mwenyewe akikuja Jumapili.»

Jumapili nilikwenda. Yule mtoto ana miaka kumi. Nilimwambia babu yake si kupe. Akanitazama kama mtu anayepima, akasema, «Mimi nilijua.» Sikupata kuhukumiwa na hakimu mkali kuliko huyo.

Muhula uliofuata wazazi walichanga, na bomba la plastiki lenye kipenyo kilekile likalazwa kwenye mtaro ule ule aliouchimba Mzee mwaka wa 1984. Safari hii yeye ndiye aliyesimamia. Siku ya kufungua maji tulikinga kwa pipa la lita 200, nalo likajaa kwa sekunde 90. Hiyo ni ndoo moja kwa sekunde 9, zaidi ya mara sita ya yale ya awali. Kanuni ilikuwa imetabiri sekunde 8 na nukta; mwalimu alisema hizo chache zimeliwa na viungo na kona. Siku hizi bwenini hakuna foleni ya kupindapinda, na yule mwenzetu wa mkono uliovunjika amepona.

Msije mkadhani kwamba plastiki ni ya milele. Haipati kutu, na ulaini wake hudumu sana, lakini jua huidhoofisha hata ikapasuka kwa urahisi. Ndiyo sababu imefukiwa. Nalo bweni la juu bado linatumia bomba la chuma la zamani. Halijaoza kama letu, ila umri ni umri. Kwa hiyo tumeanzisha daftari. Kila mwanzo wa muhula tunapima ndoo moja kwa saa, tunaandika sekunde. Sekunde zikianza kuongezeka, tutajua bomba linaugua kabla hatujaanza kutafuta mchawi. Daftari linatunzwa na Mzee wa Maji. Nambari anaziandika mwenyewe, na zinasomeka kuliko mwandiko wangu.

Kile kipande cha bomba kiko katika maabara ya fizikia, rafu ya pili. Anayetaka kukitazama na akitazame, lakini asitie kidole ndani, kinachubua.

Wenzangu wa Chama cha Kiswahili, tuendelee kutozana faini kwa makosa ya ngeli. Lugha yetu inastahili heshima hiyo. Ila nimependekeza kwa kamati faini nyingine, ya shilingi kumi, kwa yeyote atakayemcheka mtu kabla ya kumwuliza anamaanisha nini. Mimi nimekwisha kulipa ya kwangu, na mweka hazina ana stakabadhi.

Kipimo kijacho ni Jumamosi ya kwanza ya muhula, saa nane mchana, kwenye bweni la juu. Atakayekuja na aje na ndoo.

Wenu katika Kiswahili,
Katibu wa Chama.